Kichupa Kwenye Mlango wa Friji

Kwenye mlango wa friji yangu, pale watu wengine huweka mayai, kuna kichupa cha kioo kisichozidi kidole gumba. Kina kifuniko cha samawati, na chini kabisa kuna unga mweupe, kidogo sana hivi kwamba siku ya kwanza nilidhani nimeuziwa chupa tupu. Kibandiko kinasema BPC-157, miligramu 5. Chini yake, kwa herufi za kuumiza macho: kwa utafiti tu, si kwa matumizi ya binadamu.

Aliyeniuzia alisema kisikose baridi. Nikamwambia sawa. Sikumwambia kwamba naishi Zimmerman, kwamba tokeni zangu za stima huisha zinavyotaka, na kwamba wiki hiyohiyo friji ilikuwa imekaa siku mbili nzima bila stima, ikinuka maziwa.

Kichupa si changu. Ni cha binamu yangu, na mimi ndiye niliyemwambia kitu kama hicho kipo.

Niliacha chuo mwaka wa pili nikisomea biokemia. Watu huuliza kwa nini wakitarajia hadithi, na hadithi hakuna. Karo ilikwama, nikaahirisha muhula mmoja, nikaahirisha mwingine, halafu siku moja nikagundua siahirishi tena, nimeacha. Nilibaki na madaftari manne na uwezo wa kusoma sentensi yenye asidi amino ndani yake bila kutetemeka. Kumbe uwezo huo una soko.

Soko lenyewe liko mtandaoni. Mteja wangu alikuwa Marekani, ama alisema yuko Marekani. Nilimjua kwa herufi mbili na picha ya mlima. Alilipa senti moja ya dola kwa neno, yaani shilingi moja na kidogo, na alitaka makala manne kwa wiki kuhusu vitu vya kuponya mwili ambavyo alikuwa anaviuza upande wa pili wa ukurasa. Makala yalitoka kwa jina la daktari mmoja mwenye miwani na mvi za kuaminika, ambaye sijui kama aliwahi kuzaliwa. Kuanzia saa mbili usiku, stima ikiwepo, daktari huyo alikuwa mimi.

Maagizo yalikuwa mafupi. Usiseme inatibu. Usiseme dawa. Sema huenda. Huenda ikasaidia kano, huenda ikatuliza tumbo, huenda ikapunguza muda wa kupona. Nililizoea hilo neno mpaka likawa linajiandika lenyewe. Wakili akilisoma anaona tahadhari. Mtu mwenye maumivu akilisoma anaona ahadi. Na mteja wangu alilipia yote mawili kwa bei ya neno moja.

BPC-157 ndiyo mada niliyoombwa kuliko nyingine zote. Ni peptaidi, yaani mnyororo mfupi wa asidi amino, 15 kwa hesabu. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Zagreb kule Kroatia, wakiongozwa na Predrag Sikirić, walianza kuandika habari zake mwanzoni mwa miaka ya 1990, wakieleza kwamba mfuatano wake umetokana na protini iliyo kwenye maji ya tumbo la binadamu. Mteja alipenda sana hapo. Kitu kilichotoka tumboni mwako mwenyewe kitakudhuru vipi? Niliandika hilo swali kwa namna saba tofauti. Sikuandika kwamba unga ulio kwenye kichupa haujatoka tumboni mwa mtu, umeundwa kiwandani. Wala sikuandika kwamba asidi ya tumbo nayo inatoka tumboni, na sijaona mtu akijidunga.

Sasa, binamu yangu anakimbia. Sisemi kukimbia Karura Jumamosi na saa ya elfu hamsini mkononi. Anakimbia ili ale. Ni mtoto wa tata, dadake mkubwa wa mathe, na wako Nyahururu. Hujawahi kusikia jina lake, na hivyo ndivyo wakimbiaji wengi wa nchi hii walivyo: si mabingwa, si watu wa runinga. Wa sita hapa, wa nne pale, mbio za barabarani kwenye miji ya Ulaya ambayo hata sisi tuliopita Jiografia hatuijui, ambako nafasi ya tatu inaweza kuwa mabati ya nyumba ama karo ya mdogo wake.

Mwaka jana kano ya nyuma ya kifundo, ile nene inayoshika kisigino na shavu la mguu, ikaanza kumkata asubuhi akitoka kitandani. Mwanzoni ilikuwa inapoa akishapasha mwili. Baadaye ikakataa kupoa. Miezi mitano. Alichuliwa kwa mafuta, akawekewa barafu, akaombewa Jumapili. Akipumzika wiki mbili inatulia, akirudi barabarani inamngoja palepale.

Krismasi tulikuwa kwa tata. Tumeshiba, yeye amelaza mguu juu ya kiti, na mimi nikafungua mdomo.

“Cuzo, kuna kitu naandikanga juu yake.”

Nilimweleza vizuri, na hiyo ndiyo shida yenyewe. Nilimwambia kano hupona polepole kwa sababu haina damu ya kutosha, ambayo ni kweli. Nikamwambia hii peptaidi inaonekana kuita mishipa mipya ya damu mahali palipoumia, ambayo ni kweli kwa panya na kwa seli zilizokuzwa maabara. Maneno “kwa panya” yalinitoroka. Ningependa kusema niliyasahau.

“Na inafanya?”

“Huenda.”

Wiki tatu baadaye simu ikalia: M-Pesa, elfu nane, bila neno lolote.

Kupata haikuwa ngumu. Jamaa wa jimu moja Thika Road, mikono kama nguzo, alikuja na kikoba cha baridi kama cha wauza yoghurt. Nikamuuliza imetoka wapi. “China, lakini ya poa.” Nikamuuliza kama ameitumia. Akazungusha bega mara tatu mbele yangu. “Hili bega, buda. Wiki mbili tu.” Sikumuuliza kama kwa hizo wiki mbili alikuwa pia amepumzika kunyanyua vyuma. Nilikigeuza kichupa nikitafuta jina la mtengenezaji, tarehe, alama yoyote ya kuonyesha Bodi ya Dawa na Sumu imewahi kukiona. Kulikuwa na hayo maneno ya utafiti tu.

Binamu alikuwa aje Jumamosi. Alhamisi usiku nikakaa chini kusoma, kwa sababu ni mimi ningemchanganyia huo unga na maji ya sindano na mikono ilikuwa imeanza kuwa baridi. Wacha niseme ukweli: nilikuwa nimeandika makala 11 kuhusu BPC-157 na sijawahi kusoma utafiti wake hata mmoja toka mwanzo hadi mwisho. Nilikuwa nasoma muhtasari, nachukua sentensi ya mwisho, naivisha “huenda”, naituma.

Utafiti nilioufungua kwanza ulikuwa wa 2003, wa kundi la Zagreb, kuhusu kano hiyohiyo ya Achilles. Walichukua panya, wakaikata kano ikaachana kabisa, kisha baadhi wakapewa peptaidi na wengine hapana. Waliopewa walipona haraka zaidi. Sina sababu ya kusema walidanganya. Lakini nilipofika kwenye sehemu ya kueleza kazi ilivyofanywa, ile sehemu ambayo mtu anayelipwa kwa neno huiruka, ndipo kwa mara ya kwanza nikamwona huyo panya. Asubuhi alikuwa mzima. Kano yake haikuwa na kasoro. Ikakatwa kwa kisu cha upasuaji, mara moja, siku moja, na kuanzia hapo mwili ukajua kazi yake ni gani: kufunga kidonda.

Binamu yangu hajakatwa na mtu. Kano yake imechakaa kama kamba ya kisima, kwa kilomita zisizohesabika na viatu vilivyokwisha soli. Nikaanza kusoma kuhusu kano za namna hiyo, na madaktari wa michezo wanazieleza tofauti kabisa. Nyuzi zake zimevurugika, hakuna kidonda kilicho wazi kinachosubiri kufungwa. Na nyingi zinakuwa zimeshaota mishipa mipya ya damu, mahali ambapo kano nzima haina, na kuna watafiti wanaoihusisha mishipa hiyo na maumivu yenyewe.

Nilisimama nikaenda dirishani. Makala 11 nilikuwa nimeuza mishipa mipya ya damu. Kuna uwezekano mkubwa binamu yangu alikuwa nayo tayari.

Nikatafuta watu. Kutoka Zagreb, ambako sehemu kubwa ya kazi yote juu ya hii peptaidi imetoka, kuna panya wa kano, panya wa misuli, panya wa vidonda vya tumbo, miaka thelathini ya panya. Watu ni wachache kiasi kwamba wangetosha kwenye matatu mbili. Kuna wagonjwa 16 wa goti kwenye ripoti ya 2021 kutoka Marekani. Wengi walisema walipata nafuu, lakini hakukuwa na kundi la kuwalinganisha nalo. Kuna wanawake 12 wenye ugonjwa wa kibofu, 2024. Kuna ripoti ya 2025 ya watu waliodungwa kwenye mshipa ili kuangalia usalama, na walikuwa wawili. Wawili! Mwaka 2015 lilisajiliwa jaribio la watu wazima wenye afya, 42, na matokeo yake hayakuchapishwa. Hilo lilinikwama kuliko yote. Nilikuwa nimezoea kuogopa matokeo mabaya, na sikuwa nimewahi kufikiria kuogopa kimya.

Halafu kuna lile jambo ambalo mteja aliniambia nisiliguse. Mishipa mipya ya damu si mali ya kano peke yake. Uvimbe wa saratani nao unahitaji damu ili ukue, na kuna dawa za saratani ambazo kazi yake ni kuizuia mishipa hiyo. Hakuna aliyeonyesha kwamba BPC-157 imempa mtu saratani. Pia hakuna aliyewafuatilia watu kwa miaka ya kutosha ili aweze kusema haijampa. Mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, mwaka 2023 iliiweka kwenye kundi la vitu ambavyo maduka ya kuchanganya dawa hayafai kuvigusa, ikitaja uchafu unaoweza kubaki kwenye peptaidi na hatari ya kinga ya mwili kuishambulia. Na hiyo ni ile iliyopita kwa watu wenye leseni. Yangu ilipitia kwenye kikoba cha yoghurt.

Ilikuwa saa tisa usiku nilipofungua orodha ya WADA, shirika linalosimamia vita dhidi ya dawa za kusisimua misuli duniani. Tangu 2022 BPC-157 imo, kwa jina lake kabisa, kwenye kundi la vitu ambavyo havijaidhinishwa kutibu mtu popote. Marufuku wakati wote, kwenye mashindano na nje ya mashindano. Ukishikwa ni miaka miwili, au minne wakithibitisha ulikusudia. Na kwa sababu si dawa iliyoidhinishwa, hata daktari wako akikuandikia ruhusa unaomba nini? Hii ni Kenya. Orodha ya wakimbiaji wetu waliofungiwa naijua, na wewe unaijua, na ADAK wanajua njia ya Nyahururu. Katika makala 11 sikuwa nimeandika hata mstari mmoja kuhusu hilo, maana wasomaji wa yule daktari wa miwani ni watu wa ofisini wenye mabega mabovu. Hakuna anayekuja kuwaomba mkojo saa kumi na moja alfajiri.

Nikampigia palepale. Alikuwa macho, wakimbiaji huamka na jogoo hata wakiwa wagonjwa.

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema pole pole, “Si wewe ndio uliniambia?”

“Ni mimi.”

“Na ukaniambia ukiwa na uhakika.”

“Nilisema huenda.”

“Usinichezee na Kiswahili, cuzo.”

Nikamwambia kuhusu panya. Nikamwambia kuhusu miaka minne. Akaniuliza kama najua ni wangapi wanadungwa vitu na hawajawahi kushikwa. Sikujua. Akasema meneja ameshamwambia kama hatakuwa sawa kufikia mwezi wa nne, tiketi itapewa mtu mwingine, na ukishatolewa kwenye hesabu za meneja hurudi. Kisha akasema kitu ambacho bado sijapata jibu lake: “Wewe unakula kwa vidole. Mimi nakula kwa huu mguu. Kwa hivyo hiyo subira yako, niambie inalipwa na nani?”

Hata hivyo alikuja Jumamosi.

Ijumaa nzima nilikuwa nimetafuta kitu cha kumpa badala yake, kwa aibu zaidi kuliko kwa hekima, na nilichopata kilikuwa cha kuchosha hata kukitaja. Kuna daktari wa mifupa Uswidi, Håkan Alfredson. Husimuliwa kwamba yeye mwenyewe alikuwa na kano mbovu ya Achilles, akamwomba mkubwa wake amfanyie upasuaji, akakataliwa, basi akaamua kuichosha makusudi ili ikatike wasiwe na namna. Akawa anasimama kwenye ngazi kwa vidole, anashusha kisigino chini ya ukingo, polepole, kwa mguu ule mbaya, tena na tena akiumia. Badala ya kukatika, ikapona. Mwaka 1998 yeye na wenzake walichapisha matokeo ya wakimbiaji wa kawaida 15: mara 180 kwa siku, kila siku, wiki 12, wote wakarudi kukimbia. Watu 15 pia ni wachache, najua, na tangu wakati huo wengine waliojaribu wamegundua si kila mtu anapona. Lakini angalau imejaribiwa na watu wengi, katika nchi nyingi, na ngazi haiko kwenye orodha ya WADA.

Tulisimama kwenye ngazi za ploti, ghorofa ya tatu, yeye ameshika ukuta. Panda kwa mguu mzuri. Hamisha uzito. Shuka kwa mbaya, taratibu. Mama wa chumba cha pili alipita na mitungi ya maji, akatuangalia, akasema pole bila kujua anatupa pole ya nini. Binamu alifika 30 akaketi. Jasho lilikuwa linamtoka kama amekimbia. “Na hii ni bure?” akauliza. Hakuuliza kwa furaha. Nadhani mtu akiwa ameumia vya kutosha, kitu cha bure kinafanana na kuachwa.

Fizio niliyempigia baadaye, rafiki wa rafiki, alisema angependa kumwona kwanza kabla ya hizo 180, na akamwona, na akapunguza idadi kwa wiki za mwanzo. Alimlipisha nusu. Elfu mbili. Nikafikiria ile elfu nane.

Mteja nilimwandikia. Nilimwomba aongeze mstari mmoja tu kwenye makala ya zamani, kwamba hayo yote ni ya panya, na mwingine kuhusu wanamichezo. Alijibu kwa adabu sana kwamba wasomaji hawapendi kusoma kuhusu panya, na kwamba makala ni mali yake, ameyalipia. Kweli ameyalipia. Nikaandika mengine mawili baada ya hapo. Kodi ilikuwa tarehe tano. Kisha akanyamaza, sijui ni kwa sababu ya panya au amepata mtu wa nusu senti. Ukurasa bado uko. Daktari bado anatabasamu.

Mwezi wa nne ulipita, na tiketi ikaenda kwa mwingine. Mdogo wake alianza muhula akiwa amechelewa wiki mbili. Tata hajaniambia lolote, lakini nikipiga simu siku hizi ananisalimia kwa jina langu lote.

Binamu yuko wiki ya tisa. Hunitumia namba tu, bila salamu: 120. 150. Juzi ilikuwa 180, na chini yake: asubuhi haikukata sana. Jana yake alikuwa amesema imekata. Anajogi dakika ishirini, siku moja ndani ya mbili, kwenye nyasi.

Wiki jana alikuwa Nairobi kumwona fizio akalala kwangu. Akafungua friji kutafuta maji, na akakiona. Nilikuwa nimenyamaza kukihusu kwa miezi, kwanza kwa sababu sikujua mtu hutupa wapi kitu kama hicho, halafu kwa sababu pesa ni zake. Alikitoa, akakiinua mbele ya taa, akakitikisa. Unga ulijibanza pembeni kama chumvi.

“Bado iko sawa?”

“Stima imepotea mara nyingi. Sijui hata ni nini saa hii.”

“Lakini huenda.”

Alisema bila kucheka. Nikamuuliza kama nikitupe. Akafikiria kwa muda ambao sikuupenda.

“Wacha ikae.”

Akakirudisha kwenye mlango, kando ya nyanya, na akauliza kama zile chapati za jana ziliisha. Zilikuwa zimebaki mbili.